Maji ya mkonge na mikono ya baba

Chuoni kwetu matokeo ya testi yalibandikwa ubaoni kwa namba za usajili, si kwa majina. Siri ya kinafiki, maana kila mtu alijua namba ya mwenzake. Kwa hiyo darasa zima lilijua kwamba testi yangu ya kwanza ya kemia ya dawa nilipata 9 kwa 40. Mtoto wa Muheza, niliyetoka kidato cha sita na daraja la kwanza la PCB, niliyeagwa kambini kwetu, kambi ya wakata mkonge, kwa pilau na dua, 9 kwa 40.

Na nilikuwa nimesoma. Hilo ndilo lililoniuma. Nilipiga msuli wiki mbili, desa lote nimelimeza: jina la dawa, kundi lake, mchoro wake. Nilikuwa na madaftari matatu ya molekuli nilizozipaka rangi, penisilini kijani, steroidi buluu. Ukinipa jina nakuchorea, ukinipa mchoro nakutajia jina. Sasa karatasi ikaja na molekuli ambayo haikuwa kwenye desa la mtu yeyote, na maswali yake: ikifika tumboni, ni sehemu ipi itachukua chaji? Ukiiondoa oksijeni hii, itabaki kuwa dawa? Kwa nini hii inamezwa na ndugu yake lazima achomwe sindano? Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Nikaandika majina.

Nilimfuata mwalimu ofisini kuomba maksi, kama tulivyokuwa tunafanya wote. Alikuwa mzee mpole anayevaa makobazi hata siku za mtihani. Akaipitia karatasi yangu polepole, akanirudishia.

"Binti, sikukuuliza inaitwaje. Nilikuuliza inafikaje."

Niliondoka nimenuna. Mwisho wa mwaka nikapata sapu, nikaifanya Septemba, nikaipita kwa kukariri vilevile, ila safari hii nilikariri na majibu ya mitihani ya miaka ya nyuma. Naliweka hili wazi kwa sababu nimesikia simulizi nyingi za watu waliofeli mara moja wakaamka na akili mpya. Mimi sikuamka na chochote. Niliona 52, nikamshukuru Mungu, nikapanda basi kwenda Tanga.

Nikitazama nyuma, kosa langu lilikuwa kama la mtu anayesifu maua ya kanga bila kusoma jina lake. Maua nilikuwa nayajua yote.

Iliyonishika mwanzo ni klorokwini, na ni kwa ajili ya mama. Mama anaichukia dawa ile mpaka leo. Waliokua kabla ya 2001 wanaijua: chungu kama shubiri, halafu usiku mwili mzima unawasha kama umelalia upupu. Mama anasema alikuwa anajikuna kwa gunzi la muhindi. Mwaka wa tatu mwalimu akaileta darasani, akatuambia jina tuliweke kando, tutazame naitrojeni zake. Klorokwini ni besi dhaifu. Ikiwa haina chaji inapita kwenye utando wa seli bila kupiga hodi. Ikikutana na asidi, naitrojeni zake zinadaka haidrojeni, inapata chaji, na kitu chenye chaji hakipiti utandoni kirahisi. Sasa kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu kinakula himoglobini, na chakula hicho kinakisaga ndani ya kifuko chenye asidi. Klorokwini inaingia mle, inapata chaji, inakwama. Inajazana. Kimelea kina kawaida ya kuifunga himu, ile sumu inayobaki baada ya mlo, iwe fuwele isiyo na madhara. Klorokwini inaizuia kazi hiyo, na kimelea kinakufa kwa makombo yake mwenyewe.

Nikaona dema, mtego wa samaki wa kusuka. Mume wa shangazi yangu ni mvuvi, anashusha samaki pale Deep Sea, na likizo nyingi nimekaa kibarazani kwake Ngamiani, Tanga mjini, nikimtazama akisuka. Mdomo wa dema umeelekea ndani. Samaki anaingia akifuata chambo, njia ya kutokea haioni.

Na usugu ni dema lililotoboka. Kwenye utando wa kile kifuko kuna protini inayokaa kama mlango. Nafasi ya 76 ya mnyororo wake hukaliwa na asidi amino iitwayo laisini, yenye chaji chanya, na chanya humsukuma chanya mwenzake, kwa hiyo dawa hairuhusiwi kutoka. Kwenye vimelea sugu nafasi hiyo imekaliwa na threonini, isiyo na chaji. Kijitu kimoja kimebadilika, mlango umelegea, dawa inatoka nje. Kwa mlango huo Tanzania iliiweka kando klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP, vidonge vya sulfadoksini na pirimethamini, na ilipofika mwisho wa 2006 ikahamia dawa mseto.

Usiku huo nilimpigia mama simu kumweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo ile miaka ya mwishomwisho nilikuwa najikuna bure?"

"Kwa kiasi kikubwa, ndiyo mama."

Akakata simu. Alipopiga tena alitaka kujua kama huyo mwalimu ana mke.

Mama ni mtu wa Mkuzi, Muheza hukohuko, na Mkuzi imo kwenye makala za kitabibu za miaka ya 1950. Watu wa pale walipewa pirimethamini, ambayo ni nusu mojawapo ya SP, wanywe kujikinga na malaria, na haukupita muda mrefu vimelea vya pale vikawa haviisikii tena. Nilipozisoma makala hizo nilijisikia ajabu, kama mtu anayefungua albamu ya wageni akakuta ua wa nyumba yao. Nilidhani usugu ni jambo la kwenye mabango ya zahanati. Kumbe ulipita nyumbani kwa bibi kabla mama hajazaliwa.

Mseto nao una safari yake. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa siku 3, na ndani yake kuna lumefantrini, molekuli inayopenda mafuta kuliko maji. Ukiimeza na tumbo tupu, nyingi inapita tu na kwenda zake. Ukiimeza na chakula chenye mafuta, inaingia kwenye damu vizuri zaidi. Kwa hiyo siku hizi mtu akiugua malaria nyumbani kwetu simwambii tu "kunywa baada ya kula." Namwambia chai iwe ya maziwa, na kama kuna wali wa nazi uliobaki, apashe.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona. Neno lenyewe lilileta kichekesho kambini kwetu, kwa kuwa kwa watu wa mkonge korona ni mashine, ile inayokwangua jani na kuacha singa, yaani nyuzi. Redio iliposema korona imeua watu Italia, mzee mmoja jirani yetu aliuliza ni kiwanda gani hicho hakina ulinzi.

Babu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Kigoma kama manamba, mtu wa kuhesabiwa. Baba alizaliwa kambini, akakata mkonge tangu ujana, na mgongo ulipochoka akahamishiwa kwenye korona, kulisha majani. Kwa hiyo maji ya mkonge yamempata kwa pande zote mbili. Asiyeyajua maji hayo asiyadharau. Yana chembe nyembamba za kalisiamu oksaleti, kali kama sindano, na yana saponini zinazotoa povu kama sabuni. Yakikurukia, ngozi inawasha, inapasuka, inatoa maji. Mikono ya baba, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, ilikuwa na ukurutu tangu nimjue. Nikiwa mdogo nilidhani baba wote wana mikono ya magamba.

Mwaka ule ndipo nilipokaa nyumbani muda mrefu kuliko wakati wowote tangu nianze sekondari. Kila jioni baba akishaoga anakaa kwenye kigoda, anatoa tyubu mfukoni, anakamua kidogo, anajipaka. Siku moja nikaiokota ile tyubu nikaisoma. Betamethasoni valerati. Jina hilo lilikuwa kwenye daftari la buluu. Nilikuwa nalo miaka miwili, nimelipaka rangi vizuri kabisa, na sikuwahi kufikiria kwamba linakaa mfukoni mwa baba yangu.

Usiku nikalitoa daftari. Steroidi zote zimejengwa juu ya msingi mmoja: pete 4 zilizoungana, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, na kila kaboni ina namba yake isiyohama. Hapo ndipo Ngamiani iliponisaidia. Nimesoma sekondari nikiishi kwa shangazi Barabara ya 12. Ngamiani barabara zina namba, na mtu akikuambia anakaa ya 12 huhitaji maelezo zaidi, unajua ya 11 ipo upande mmoja na ya 13 upande wa pili. Nikaichora steroidi upya, bila rangi, kama mtaa. Halafu nikaanza kuandika nani anakaa wapi.

Barabara ya 3, oksijeni. Ya 9, florini, aliyeletwa na wakemia ili kuipa dawa nguvu. Ya 11, oksijeni na haidrojeni yake. Ya 16, kaboni moja imechomoza upande wa juu wa pete, na ikichomoza upande wa chini si betamethasoni tena, ni deksamethasoni. Ya 17 ndiyo penye valerati, mkia wa kaboni 5 unaoifanya molekuli ipende mafuta na kupenya ngozi. Bila mkia huo, betamethasoni ileile ukimpaka baba inafanya kazi hafifu. *Inafikaje.* Swali la mzee wa makobazi lilikuwa limekaa kwenye neno "valerati," na mimi nilikuwa nimelipaka buluu.

Anayebeba mzigo mkubwa kuliko wote ni wa Barabara ya 11. Ukimwondoa yule oksijeni, nguvu ya kutuliza uvimbe inaondoka naye. Na huyo ndiye aliyewatesa wakemia. Mwaka 1948, huko Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, na mtu aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Nobeli. Wagonjwa walikuwa wengi na dawa haikuwepo. Kotisoni ya mwanzo ilitengenezwa kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30, na sehemu kubwa ya shida ilikuwa ni kumpeleka oksijeni kwenye ile namba 11. Viazi vikuu vya mwituni vya Mexico vilitoa steroidi kwa wingi na kwa bei nafuu, lakini barabara hiyo kwenye steroidi yao ilikuwa tupu. Mwaka 1952 watafiti Marekani wakaonyesha kwamba kuna kuvu anayeweza kumweka oksijeni pale kwa hatua moja tu. Kuvu, kama wa kwenye mkate uliolala.

Na njia nyingine ilitoka wapi? Nilikuwa nasoma kitabu nilichokipakua kwenye simu, mwanga nimeupunguza nisimwamshe mdogo wangu, nikafika kwenye sentensi inayosema Uingereza walitumia hekojenini, steroidi inayopatikana kwenye maji ya mkonge, na kwamba mkonge huo ulikuwa wa Afrika Mashariki. Hekojenini ana oksijeni Barabara ya 12. Jirani wa mlango wa pili! Mkemia hana haja ya kumtafuta oksijeni mbali, anamhamisha nyumba moja tu. Miaka ya 1950 kampuni ya dawa ya huko ilikuwa ikitengeneza steroidi zake kwa njia hiyo.

Niliirudia sentensi ile mara nne. Jani la mkonge likipita koronani, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Yaliyobaki ni maji na makapi, yanamwagwa, yananuka, yanaua nyasi. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, ikabaki hai 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani, watu wa Tanga wameuita mkonge dhahabu ya kijani kwa ajili ya ile asilimia 4. Na kwenye yale yanayomwagwa, yaleyale yanayomla baba ngozi, ndimo ilimotoka familia ya dawa anayojipaka.

Chumba cha pili baba alikuwa anakoroma.

Asubuhi nikataka kumweleza, nikashindwa. Hili ndilo ningependa wanafunzi wenzangu walisikie kuliko mengine yote. Nilifungua mdomo nikagundua kwamba nusu ya niliyodhani nayajua ni Kiingereza tu. Niliweza kusema kwa Kiingereza kwamba kundi fulani "linaongeza" kitu fulani, na mtahini angenipa maksi, lakini baba aliponiuliza "linaongezaje?" sikuwa na cha kumjibu, si kwa Kiswahili wala kwa hicho Kiingereza. Ikanibidi nirudi kitabuni. Mkia wa valerati nilimweleza kwa mafuta ya taa: mkono wenye grisi ukiumwagia maji yanateleza, ukiumwagia mafuta ya taa yanaingia. Ngozi ina mafuta, dawa nayo ivalishwe mafuta. Chaji nilimweleza kwa smaku ya spika ya redio iliyokufa. Kila nilipokwama kwa baba, ndipo palipokuwa na shimo langu. Miezi ile ya kufungwa vyuo nilijifunza kemia kuliko mwaka mzima wa mihadhara, na mwanafunzi wangu hakumaliza darasa la saba.

Alikuwa na swali lake pia, na lilikuwa zuri kuliko maswali yangu. "Mbona ninapaka miaka yote na haliponi?" Nikamweleza kwamba dawa ile haipigani na maji ya mkonge. Inaingia ndani ya seli, inamkuta kipokezi chake, wanakwenda pamoja kwenye kiini cha seli na kuuambia mwili upunguze hasira. Kesho akirudi koronani bila glavu, hasira inaanza upya. Tena akipaka miaka mfululizo ngozi yenyewe inakuwa nyembamba. Glavu nilimnunulia kwa bumu lililofuata. Alizivaa siku tatu akasema zinamtelezesha, hawezi kushika jani. Tukabishana. Mpaka leo anavaa ya kushoto tu.

Na kwa kuwa nimeitaja krimu hii, kuna jambo la Ngamiani linalonikera. Vyuo vilipokaribia kufunguliwa nilipita kwa shangazi, nikamkuta binti wa jirani anachanganya tyubu ya dawa hiyohiyo na vipodozi vingine kwenye kopo. Mkorogo. Anajipaka usoni apate weupe, harusi ni mwezi ujao. Ni kweli rangi inafifia. Lakini uso ukipakwa steroidi kali kwa miezi, ngozi inakonda, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na siku ukiacha uso unawaka moto mpaka unairudia mwenyewe bila kushawishiwa. Dawa iliyowachukua watu wenye akili zao miaka mingi kuihamisha oksijeni nyumba moja, inauzwa kibandani kwenye kopo lisilo na jina. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mimi ni mweupe wa asili, siwezi kuelewa. Mimi si mweupe hata kidogo. Alitaka tu ninyamaze, na nikanyamaza, jambo ninalolijutia.

Tulirudi chuo Juni. Katikati ya mwezi huo Uingereza ikatangaza matokeo ya jaribio kubwa: deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO waliofikia kupumulia mashine au kuwekewa oksijeni. Mwalimu akaingia darasani, hakusalimia, akachora steroidi mbili ubaoni na kuuliza tofauti yao iko wapi. Nikanyoosha mkono nikasema, "Barabara ya 16." Darasa likacheka, na mimi ndipo nilipoona kwamba nimeisema kwa sauti. Jina la Ngamiani lilinikaa mpaka siku ya mahafali. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Juu au chini?" Nikamjibu.

Sitaki ionekane kwamba baada ya hapo nikawa bingwa. Mwaka wa nne tulifundishwa kubuni dawa kwa kompyuta: unachukua umbo la protini ya kimelea, unachukua molekuli yako, programu inaipachika humo kama ufunguo kwenye kitasa na kukupa alama. Nikaleta azadirachtini ya mwarobaini. Bibi alitunywesha mwarobaini kwa kila kitu, nikasema sasa namlipa fadhila. Ikatoka alama nzuri ajabu. Nikachapa kwa rangi, nikapeleka.

"Tumbo umeliuliza?" akasema mzee.

Azadirachtini ina uzito wa molekuli 720, na imejaa oksijeni kila kona. Mwaka 1997 Christopher Lipinski aliandika kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fani hii anaijua: molekuli ya kumezwa ikizidi uzito wa 500, ikiwa na oksijeni na naitrojeni nyingi kupita kiasi, uwezekano wa kufyonzwa vizuri unapungua. Kanuni hiyo ina wakaidi wake, azithromisini inapita 700 na watu wanaimeza. Ila mimi sikuwa nimejiuliza hata hilo. Halafu kuna kuitengeneza: Steven Ley na wenzake Cambridge waliijenga azadirachtini maabara mwaka 2007 baada ya miaka 22. Kompyuta yangu ilikuwa imechukua dakika 40. Nilirudi hosteli na karatasi zangu za rangi, nikafungia vitumbua.

Mradi wa mwisho nikachagua mkonge. Nadhani mwalimu alijua kabla sijaomba.

Nilikwenda nyumbani, baba akanijazia ndoo mbili za maji ya koronani, nikazifunika kwa nailoni na kuzifunga kwa kamba ya mkonge, kwa heshima. Pale Kange kondakta akauliza ni nini. Nikasema dawa. Akaziweka kwenye buti. Tulipofika Segera buti lilikuwa limeanza kuzungumza, maana maji ya mkonge yanachacha haraka na siku ile jua lilikuwa kali. Chalinze abiria mmoja akasema kuna mtu amesafirisha maiti. Sikugeuka. Mbezi nilisubiri watu wote washuke ndipo nikazichukua, na kondakta akaniambia neno ambalo silirudii.

Kazi yenyewe ni ya subira. Unayaacha maji yachache ili sehemu ya sukari zilizoshikamana na saponini zianze kukatika, unachukua tope la chini, unalichemsha na asidi kumalizia kuzikata, unachuja, unaosha, unakausha, halafu unaikamua steroidi kwa kiyeyusho kinachozunguka usiku kucha. Mara ya kwanza umeme ulikatika saa nane usiku, pampu ya maji ikasimama, kifaa cha kupozea mvuke kikapata moto na kiyeyusho chote kikapaa. Asubuhi nilikuta chombo kikavu na mlinzi anaumwa kichwa. Ndoo ya kwanza ikaishia hapo.

Ndoo ya pili ilinipa unga mweupe usiojaza kijiko cha chai. Nikaweka tone kwenye sahani ya kromatografia, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika, pembeni ya tone la hekojenini halisi, ambayo mwalimu alikuwa nayo kidogo kwenye kichupa cha tangu enzi, nikapulizia asidi na kupasha moto. Yakatokea madoa mawili. Moja lilikaa sambamba kabisa na la kwenye kichupa. La pili lilikuwa juu kidogo, na tulidhani ni tijojenini, ndugu yake anayekaa naye kwenye mkonge, aliye sawa naye kwa yote ila Barabara ya 12 kwake ni tupu. Mashine ya miali ya infraredi ikaonyesha kilele karibu na 1700, ambacho ni alama ya oksijeni aliyeshikwa na kaboni kwa mikono miwili. Alikuwa yuko nyumbani.

Unga haukuruhusiwa kutoka maabara. Nilimpelekea baba picha kwenye simu. Nilimkuta amekaa kigodani, tyubu mkononi, nikaokota kalenda ya mwaka uliopita nikachora nyuma yake ule mtaa wote, namba kwa namba, nikamwonyesha ya 12, nikamwonyesha ya 11, nikamsimulia tena habari ya Uingereza, safari hii bila kukwama. Alifuatisha mchoro kwa kidole chake kilichopasuka. Akauliza hiyo ilikuwa miaka gani. Nikamwambia hamsini.

"Enzi za babu yako."

"Ndiyo baba."

Enzi za babu kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, ukimaliza ndipo unalipwa. Baba anayo moja mpaka leo ndani ya sanduku la bati.

"Na haya maji," akasema, "babu yako aliandikiwa kwenye kipande?"

Nikamwambia singa tu ndizo zilizohesabiwa. Akatikisa kichwa taratibu, akaifunga tyubu, akaikunja kalenda na kuiweka mfukoni pamoja nayo. Adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza. Akainuka akaelekea kisimani kutawadha, akageukia mlangoni.

"Na ile ndoo uliyorudi nayo, itoe uani. Mama yako anasema inanuka."